Google Arts & Culture: zumu ni balaa, vigemu ni mbwembwe, na bado kuna watu wako nje ya mlango

Naanza na jibu kwa wale wa haraka: ipakueni, ni ya bure, hakuna sehemu utaombwa hela, na kama simu yako imejaa basi fungua kwenye brauza, sehemu kubwa ya vitu inafanya kazi hukohuko. Ila usiingie kwa mlango wa selfi na vigemu, ingia kwa mlango wa picha zenyewe, na ukiweza usiingie peke yako, kaa na mtu pembeni hata kama huyo mtu haoni. Hasa kama haoni. Ntafika huko, mtanivumilia ni ndefu kidogo.

Kwa ambao hawajawahi kuisikia, hii ni apu na tovuti inayokusanya kazi za sanaa kutoka makumbusho ya dunia nzima, michoro, sanamu, picha za kamera, mavazi, hata majengo. Ilianza Februari 2011 kwa jina la Art Project ikiwa na makumbusho 17 na kazi elfu moja na kitu, sa hivi taasisi zilizomo zimepita 2,000 kutoka nchi kama 80 hivi. Ukiifungua mara ya kwanza unapigwa na vitu vingi kwa mpigo, mara gemu, mara stori ya fasheni, mara sijui rangi za leo, yaani unaweza kuzunguka weee hujaangalia picha hata moja ya maana. Dawa yake ni kwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kutafuta, andika jina la mchoraji au la jumba, chagua picha moja, tulia nayo.

Na hapo kwenye kutulia ndo penye kazi. Watu wengi ukiwatajia michoro wanarudi nyuma, oh mi sielewi hayo mambo, hayo ni ya waliosomea, utafikiri kuna mtihani mlangoni. Lakini hata hao wanaoingia makumbusho hawaangalii kihivyo. Kuna utafiti ulifanywa pale Metropolitan Museum of Art, New York, kwa kifupi Met, ukachapishwa 2001, watafiti walipima mtu anasimama mbele ya picha muda gani, na zilikuwa kazi kubwa za majina, sio zile za kwenye kona, wastani ukatoka sekunde 27, na nusu ya waliotazama hawakuvuka sekunde 17. Sekunde kumi na saba jamani. Halafu nenda kwa Mona Lisa kule jumba la Louvre, Paris, kapicha kenyewe ni sentimita 77 kwa 53 tu, kako nyuma ya kioo, mbele ya kioo kuna kizuizi, na mbele ya kizuizi kuna mikono kibao imeinua simu juu. Mi nasema bila aibu, aliyejilaza kwenye kochi na simu yake anaweza kumwona yule mama vizuri kuliko aliyepanga foleni.

Sasa zumu. Hiki ndo kitu kinachonifanya niipigie debe hii apu kwa kila mtu. Picha nyingi humu zimepigwa kwa ubora wa gigapikseli, maana yake pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, ni zaidi ya bilioni moja kwenye picha moja, na tangu 2016 wana kamera yao maalumu inayojiongoza yenyewe, inapiga mchoro kipande kwa kipande kwa karibu kabisa, inajipima umbali kwa leza na mawimbi ya sauti ili kila kipande kitoke safi, halafu kompyuta inaviunganisha vyote viwe picha moja. Wewe huku unaona tu kwamba kila ukivuta karibu bado kuna kitu kingine cha kuona.

Jaribu na The Harvesters ya Pieter Bruegel Mkubwa, tuseme Wavunaji, ya mwaka 1565, nayo ipo hapo Met. Kwa mbali unaona njano tupu, shamba la ngano, mti, watu wamekaa chini, unasema haya nimeona. Hujaona. Vuta karibu upande wa kushoto, wanaume wanafyeka ngano kwa miundu mirefu, mwili wote umeinama na kazi. Rudi kulia chini ya mti, kundi limekaa linakula, kuna mkate na bakuli, hawana haraka. Na pale kwenye shina kuna jamaa kalala, miguu kaiachanisha kabisa, hana habari na dunia. Katikati kuna kijia kimekatwa ndani ya ngano na wanawake wanateremka nacho wamebeba miganda. Endelea, usiishie hapo, vuka shamba lote nenda kule kwenye majani mabichi ambako kwa macho ya kawaida ni vidoadoa tu, utakuta watu wanamrushia fimbo ndege aliyefungwa, mchezo mmoja wa kikatili wa zama zile, na mbele yao tena maji na meli. Huyu bwana kajaza kijiji kizima na mambo yake ndani ya ubao wa sentimita 119 kwa 162, mengine madogo kiasi kwamba ukisimama mbele ya picha yenyewe ukijaribu kuyaona mlinzi atakwambia usogee nyuma.

Au chukua The Starry Night ya Van Gogh, ya 1889, ile ya nyota zinazozunguka ambayo iko kwenye kila kikombe na kila kava la simu mpaka watu wameichoka. Ivute karibu uone rangi ilivyorundikwa, halafu kati ya mpigo mmoja wa brashi na mwingine turubai tupu inachungulia, hakuipaka. Ukishaona pale pasipopakwa ndo unaelewa kwamba hii kitu ilifanywa na mkono wa mtu, tena mtu mwenye haraka, na ile hofu ya sanaa kubwa inapungua sana. Mtoto akiona hivyo anasema hata mi naweza. Sawa, jaribu, ndo tunachotaka.

Kasoro ya skrini ya simu ni kwamba inasawazisha kila kitu, Mona Lisa wa sentimita 77 na The Night Watch ya Rembrandt yenye karibu mita nne kwa nne na nusu vyote vinatoka saizi ya kiganja. Wenyewe wameliona hilo wakaweka kitu kinaitwa Art Projector, unaelekeza kamera ukutani au sakafuni, mchoro unatokea hapo kwa saizi yake halisi, unaweza kuusogelea ukitembea. Inapendeza sana ikikubali, ila inataka simu yenye uwezo huo, za zamani hazimo. Na ukiwa na kachumba kadogo jua kabisa Night Watch haitoenea, utaona magoti ya wanajeshi tu.

Kitu kingine kizuri humu ni matunzio ya mfukoni, yaani kumbi za maonyesho unazozunguka kwenye simu. La kwanza lilitoka 2018, la Vermeer, mchoraji wa Kiholanzi wa zamani, walishirikiana na jumba la Mauritshuis la Uholanzi wakakusanya michoro yake yote 36 kwenye ukumbi mmoja wa kidijitali. Kwenye dunia ya kweli huwezi kuiona yote pamoja, imetawanyika kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, na mmoja, The Concert, uliibwa Machi 1990 pale Isabella Stewart Gardner Museum, Boston, mpaka leo haujaonekana. Humu upo umetundikwa kama wenzake. Nadhani hii ndo matumizi ya teknolojia yenye akili, kufanya kitu ambacho ukumbi wa matofali hauwezi.

Vigemu na selfi sasa. Ile ya kulinganisha sura yako na mchoro ndo iliyoifanya apu iwe gumzo Januari 2018, kila mtu alikuwa anaweka. Kuchekesha inachekesha. Lakini palepale watu wengi wasio wazungu walilalamika hadharani kwamba majibu wanayopewa ni machache, yanajirudia, na mengine ni picha za watumishi na watumwa, kwa sababu ghala la picha lenyewe lilikuwa limejaa sura za Ulaya. Kwenye majimbo ya Texas na Illinois haikuwepo kabisa kwa ajili ya sheria za huko za taarifa za sura. Siwalaumu wanaoifurahia, ila kama lengo ni kumfanya kila mtu ajione kwenye sanaa, basi ghala ndo la kurekebisha kwanza, kichujio baadaye. Vingine vya kugeuza picha yako iwe kama ya Van Gogh unacheza mara moja unasahau.

Haya, sasa nifike kwenye kile nilichosema pale juu, cha kukaa na mtu asiyeona.

Mjomba wangu macho yalimwisha taratibu kwa presha ya macho, sa hivi anaona mwanga na vivuli basi. Zamani alikuwa mtu wa kupenda picha sana, kalenda haitupi. Siku moja nipo na hiyo ya wavunaji kwenye tableti akaniuliza unaangalia nini muda wote huo. Nikamwambia, "Shamba la ngano mjomba, watu wanavuna." Akasema hiyo sio picha, hiyo ni taarifa ya habari. Niambie nani kasimama nani kakaa. Nikamwambia walio kushoto wamesimama wanafyeka, walio kulia wamekaa wanakula. "Njano gani?" Nikaangalia tena, nikamwambia inakaribia kahawia, ya kitu kilichokauka na kukomaa, lakini kule mbali inageuka kijani halafu inafifia na ukungu. "Na huyo aliyelala, wenzake wamemzunguka au yuko peke yake?" Yuko pembeni kidogo mjomba, kwenye shina la mti, wao wako upande wa pili. Akakaa kimya kidogo akasema, "Basi huyo ndo aliyeamka mapema kuliko wote, mwacheni."

Mi nilikuwa nishaitazama hiyo picha mara nyingi tu na sikuwahi kujiuliza kwa nini hawamwamshi. Maswali yake ndo yalikuwa yananizungusha kwenye picha, kila swali linanilazimisha nirudi nikaangalie, na alivyomaliza nilikuwa naijua kuliko lebo yoyote, yale maelezo mafupi pembeni ya picha, ingenifundisha. Kwa hiyo ukiniuliza kipi kinakosekana kwenye huduma za namna hii, nyingi yaani sio hii tu, ni sauti ya mtu anayekuelezea kilichomo. Maelezo mengi humu yanatoka kwa makumbusho yenyewe kwa hiyo yanatofautiana sana, kuna jumba limeandika insha nzuri kabisa, kuna jingine limeweka mwaka, jina la mchoraji, "mafuta juu ya ubao", vipimo, basi. Mtu asiyeona anayetumia kisoma skrini, ile programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye simu, akifika hapo anasomewa mafuta juu ya ubao. Afanye nini sasa, afurahie ubao?

Na maelezo mazuri wala hayahitaji profesa. Anza na ukubwa na nini kinachoonekana kwa jumla. Halafu mpe msikilizaji ramani, nini kiko mbele, nini nyuma, kushoto, kulia, wengine wanatumia mishale ya saa, kwamba kwenye namba tatu ya saa, yaani kulia, kuna mti. Halafu chagua vitu viwili vitatu vyenye uhai uvieleze vizuri badala ya kutaja vyote. Rangi zitaje, wengi wasioona waliwahi kuona, na hata aliyezaliwa haoni anazijua rangi kwa maana zake. Usitafsiri kila kitu kwa niaba yake, sema mtu kakunja uso na ngumi, usiseme tu ana hasira, mwache mwenyewe afike. Maelezo ya hivi yanamfaa pia asiyetofautisha nyekundu na kijani, na hao sio wachache, kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini inakadiriwa ni mwanaume mmoja kati ya 12 na mwanamke mmoja kati ya 200. Ukimwambia tu "mtazame yule mwenye nyekundu" umemwacha, ukisema "yule wa katikati mwenye mkanda mwekundu begani" umeenda naye. Na kusema kweli yanamfaa kila mtu, mimi mwenye macho yangu mawili nikiwekewa maelezo ya sauti yaliyotengenezwa kwa wasioona natazama picha muda mrefu na kwa utulivu kuliko nikisoma ile mistari ya harakati na vipindi na athari za nani kwa nani.

Tena hili sio la hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ibara ya 30, unazungumzia haki ya kushiriki maisha ya utamaduni sawa na wengine na kuzipata kazi za utamaduni kwa njia wanazoweza kuzitumia. Basi.

Kuna apu nyingine niliwahi kuijaribu, siitaji jina, inajitangaza kabisa kwamba ni sanaa kwa wote. Kwanza inakutaka ufungue akaunti kabla hujaona chochote. Ukiingia muziki unaanza wenyewe, mkubwa, na mtu anayetumia kisoma skrini hapo hapo keshapotea kwa sababu sauti mbili zinapigana. Maandishi ni kijivu juu ya nyeupe, madogo, ukijaribu kuyakuza na vidole ukurasa wote unahama. Miongozo ya kimataifa ya tovuti iko wazi, maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwanga na usuli wake angalau 4.5 kwa 1, na picha iwe na maandishi mbadala, yaani maelezo mafupi ya picha ambayo kisoma skrini kinayasoma, hivi vitu ni vya msingi kabisa na havina gharama ya maana kama vikifikiriwa mapema. Nikaifuta. Sanaa kwa wote my foot, kwa wote wenye miaka ishirini na macho ya mwewe.

Turudi kwenye vizuri. Ukishaizoea hii ya Google usiishie humo, maana yenyewe kwa sehemu kubwa haikupi faili ya picha uichukue, unaangalia hapohapo. Nenda tovuti za makumbusho yenyewe. Rijksmuseum ya Amsterdam kwangu ndo baba lao. Tangu 2012 wana sehemu inaitwa Rijksstudio, walianza na picha 125,000 za bure, unapakua kwa ubora mkubwa, unachapisha unatundika kwako, hakuna atakayekuuliza. Na Januari 2022 wakatoa picha ya The Night Watch yenye gigapikseli 717, wameiunganisha kutoka picha 8,439, umbali kati ya pikseli na pikseli ni maikromita tano, yaani nywele yako yenyewe ni nene zaidi. Ingia umtafute yule binti mdogo wa nguo za dhahabu katikati ya wanaume wa bunduki, kiunoni kaning'iniza kuku mfu miguu juu. Mtazame kapteni aliyevaa nyeusi, mkono wake alioukunjua unatupa kivuli juu ya koti la njano la luteni. Halafu nyuma kabisa, juu ya bega la mtu karibu na mshika bendera, kuna jicho moja na kofia, wengi wanaamini ni Rembrandt mwenyewe kajichomeka. Mpe mtoto kazi ya kutafuta hilo jicho, hutasikia kelele nyumba nzima.

Met nao Februari 2017 waliachia picha 375,000 bila masharti yoyote, hata ukitaka kuchapa fulana ukauze ruksa. Na kwa sanaa ya Afrika nendeni tovuti ya Digital Benin, ilifunguliwa Novemba 2022, imekusanya taarifa za kazi zaidi ya 5,000 zilizotoka ufalme wa Benin, ule uliokuwa kwenye Nigeria ya leo, nyingi ziliporwa na jeshi la Uingereza 1897 zikatawanywa, wakati tovuti inafunguliwa zilikuwa kwenye taasisi 131 za nchi 20. Huko utaona shaba, pembe, na majina ya vitu kwa lugha ya Kiedo, sio namba za kabati tu. Kupata picha sio kupata kitu chenyewe, hilo najua, na mjadala wa kurudisha uendelee palepale, ila angalau mwenye mali anaweza kuona mali yake iko wapi.

Kuna upande ambao simu haitaufikia hata ikizumu mpaka kesho, upande wa kugusa. Prado ya Madrid mwaka 2015 walifanya onyesho la michoro sita iliyotengenezwa upya kwa nundu, yenye rangi zake, unapitisha vidole unasikia mkunjo wa nguo na umbo la uso, pamoja na maandishi ya nukta nundu na maelezo ya sauti. Wenye macho wakapewa miwani ya kuziba wajaribu nao. Italia, Ancona, kuna jumba zima la namna hiyo, Museo Omero, lilianzishwa 1993 kwa wazo la mume na mke ambao wote hawaoni, Aldo Grassini na Daniela Bottegoni, walichoshwa na kusafiri kwenda makumbusho ambako kila kitu ni usiguse. Mle kugusa ndo utaratibu, kuna nakala za kazi za Michelangelo kwa saizi yake unazishika na mikono yote miwili. MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York, nao tangu 2006 walikuwa na vipindi maalumu kwa wenye ugonjwa wa kusahau pamoja na wanaowauguza, wanakaa mbele ya picha wanaongea, hakuna anayeulizwa jana alikula nini au mwaka huu ni wa ngapi, na nadhani ndo uzuri wake, picha haimdai mtu kumbukumbu.

Kwa walimu na wazazi, hamhitaji hata kipindi cha sanaa kufanya haya. Philip Yenawine aliyekuwa upande wa elimu MoMA na mwanasaikolojia Abigail Housen walitengeneza njia ya maswali matatu: kuna nini kinaendelea kwenye hii picha, umeona nini mpaka ukasema hivyo, na kuna nini kingine tunaweza kupata. Ficha lebo, weka picha kwenye skrini kubwa kidogo, uliza, nyamaza. Lile la pili ndo lenye nguvu kwa sababu mtoto hawezi kuropoka tu, inabidi aonyeshe kwa kidole. Kwa darasa lenye mtoto kiziwi hakikisha anayeongea yuko kwenye mwanga na mkalimani wa lugha ya alama yuko upande uleule wa picha, la sivyo mtoto ana kazi ya kuchagua aangalie mikono au mchoro. Na mwenye kiti cha magurudumu asiwekwe nyuma ya waliosimama, hili linaonekana dogo ila nimeliona likifanyika na watu wenye nia njema kabisa.

Ushauri wa matumizi kabla sijatoa nyota. Picha za gigapikseli zinakula data, hazishuki zote kwa mara moja, zinashuka kadiri unavyovuta, kwa hiyo ukizunguka sana bando linaondoka, tafuta waifai. Tableti au kompyuta ni bora kuliko simu. Maandishi mengi ni ya Kiingereza, unaweza kuyapitisha kwenye tafsiri ya brauza lakini majina ya mbinu yatachekesha. Na zima arifa zake, zitakuletea mambo ambayo hukuuliza.

Nyota zangu: zumu na ukubwa wa ghala tano kati ya tano, hapo sina ubishi. Matunzio ya mfukoni na ile ya kuonyesha saizi halisi nne. Vigemu mbili, na moja ni ya huruma. Maelezo kwa wasioona tatu, kwa sababu yanategemea bahati ya jumba ulilolifungua, na kitu cha kila mtu hakitakiwi kutegemea bahati. Jumla naipa nne. Siku kila picha kubwa humu ikiwa na kitufe cha kuelezewa kwa sauti, hata dakika mbili tu, ntarudi hapa nibadilishe.